Jaketi Jeusi Lililokuwa la Kahawia

Watu wengi hufikiri kubadilisha rangi ya jaketi la ngozi nyumbani ni ujanja wa juzi tu, kitu ambacho vijana wa mivumba wamekiona kwenye simu. Si hivyo. Kazi hii ina historia, tena sehemu ya historia hiyo imepita hapa hapa mashariki mwa Uganda, kati ya Jinja na Mbale. Mimi nafanya kazi na vijana. Kikundi chetu kina Wakongo wengi kama mimi, Wasudan Kusini wachache, na wenyeji, Wasoga na Wagisu. Tunanunua majaketi yaliyochujuka, tunayapa rangi nyingine, tunayauza. Watu wa mashirika wakitutembelea huuliza kama hii ni kazi kweli au ni kitu cha kushikilia vijana wasizurure. Nataka kuwajibu kwa njia ndefu, yaani kwa historia, kwa sababu jibu fupi huwa hawaliandiki kwenye ripoti.

Tuanze na ng'ombe. Ng'ombe akichinjwa Karamoja, Teso au Busoga, ngozi yake huanza kuharibika siku hiyo hiyo kama haikutiwa chumvi. Ikishatiwa chumvi inaweza kusafiri, na kwa miaka mingi ngozi nyingi zimesafiri kwenda Jinja. Kwa nini Jinja? Umeme na maji. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa na Malkia Elizabeth mwezi wa nne mwaka 1954, na baada ya hapo mji ukajaa viwanda: Nytil wa vitambaa, kile cha kuyeyusha shaba kutoka Kilembe, na baadaye viwanda vya ngozi. Ngozi inakunywa maji kupita kiasi, na Jinja ina ziwa mlangoni.

Ndani ya kiwanda ngozi hulazwa kwenye chokaa mpaka manyoya yatoke. Halafu inazungushwa ndani ya mapipa makubwa pamoja na chumvi za kromu. Inapotoka humo haiozi tena, na ina rangi ambayo mtu asiyejua hawezi kuitegemea: buluu. Buluu ya kupauka, kama shati la shule lililofuliwa mihula mitatu. Wenye biashara wanaiita weti-bluu. Iko mbichi-mbichi, ina unyevu, haijawa kiatu wala mkoba.

Hapo ndipo mimi nasimama kila nikifundisha vijana. Kwa muda mrefu sehemu kubwa ya ngozi ya Uganda iliyopita viwandani imeuzwa nje ikiwa katika hali hiyo ya buluu. Kazi inayobaki ni kuipa rangi, kuilainisha kwa mafuta, kuing'arisha, kuikata na kuishona, na kazi hiyo hufanyika Ulaya na Asia. Na pesa nyingi ziko kwenye kazi hiyo inayobaki. Sisi huku tunavumilia harufu na maji machafu ya kromu, wao wanatia rangi nyeusi na kuweka jina lao kwenye kola.

Jaketi halina kitambulisho. Huwezi kulishika sokoni ukaliuliza ng'ombe wako alizaliwa wapi. Lakini ukipasua mshono wa jaketi nyingi za mivumba na kuangalia ukingo wa ngozi ulipokatwa, katikati utaona mstari wa kijivu unaoelekea buluu. Huo ndio ule wa pipa la kromu. Rangi ya nje imekuja baadaye. Yaani jaketi lolote la kahawia unaloliona limeshabadilishwa rangi mara moja kabla halijakufikia wewe. Sisi tunalibadilisha mara ya pili tu.

Kabla ya kromu mambo yalikuwa mengine. Ngozi ilitengenezwa kwa maganda ya miti. Pwani walitumia maganda ya mikoko, na wakati wa Wajerumani maganda hayo yalikuwa yanapelekwa ng'ambo kwa meli kutoka delta ya Rufiji. Upande wa Kenya, kule Eldoret, si mbali sana na Mlima Elgon, kulikuwa na kiwanda kikubwa cha kukamua dawa ya ngozi kutoka maganda ya miwati. Ngozi ya maganda hutoka kahawia yenyewe, na inachukua wiki nyingi. Mwaka 1884 mtu anaitwa Augustus Schultz, huko New York, akapata hati ya kutumia kromu, na kazi ya wiki ikaanza kuwa kazi ya siku. Ndiyo maana dunia nzima ikahamia huko.

Nimeleta habari hii kwa sababu moja ya kikazi. Kila tukifungua darasa, lazima atokee mzazi mmoja au bibi mmoja aseme: "Nyie mnanunua rangi ya nini? Chukueni misumari yenye kutu, mtie kwenye siki, mpake. Itakuwa nyeusi bure." Na huyo bibi si mwongo. Chuma kikikutana na dawa iliyo kwenye maganda ya miti, inatoka nyeusi kabisa. Ni akili ile ile ya wasukaji wanaochemsha majani na kuyazika kwenye tope jeusi. Kwenye mshipi wa ngozi ya maganda, misumari inafanya kazi. Kwenye jaketi la kromu haifanyi, kwa sababu ndani hamna hiyo dawa ya maganda ya kukutana nayo. Unabaki na jaketi la kahawia linalonuka achari. Bibi anakumbuka ngozi ya zamani, na sisi tuna ngozi ya sasa mezani. Huwa namwambia hivyo kwa adabu, naye hunijibu kwamba watoto wa siku hizi hawasikii.

Sasa rangi yenyewe. Hii nayo inatuhusu kuliko tunavyodhani, maana ilianza na malaria. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18, William Perkin, alikuwa London akijaribu kutengeneza kwinini kutokana na lami ya makaa ya mawe. Wazungu waliitaka sana kwinini ili wasife kwenye makoloni yao. Kwinini hakuipata. Alipata uchafu, na ule uchafu ukatoa rangi ya zambarau inayoshika kwenye hariri. Kutoka hapo zikaja rangi za anilini, za kila aina, za bei ndogo, na viwanda vya ngozi vikazipenda kwa sababu zinazama ndani. Mpaka leo ngozi iliyotiwa rangi hiyo bila kufunikwa juu inaitwa ya anilini.

Lakini kuna upande ambao wauzaji hawautaji. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa Ufaransa waliandika habari za watoto waliogeuka midomo buluu baada ya kuvaa viatu vya njano vilivyotoka kupakwa rangi nyeusi. Viatu vilikuwa bado vibichi. Dawa ikapita kwenye ngozi ya mguu, ikaingia kwenye damu, na damu ikashindwa kubeba hewa. Mwaka 1925 jarida la madaktari wa Marekani lilikuwa bado linaandika visa vya namna hiyo, watu wazima wanaanguka kwa sababu ya viatu. Rangi za siku hizi hazichanganywi vile, lakini zile chupa zinazopimwa upya sokoni, bila jina wala kibandiko, mimi sinunui. Na jaketi lililopakwa leo halivaliwi leo. Vijana hulalamika mteja anasubiri. Mteja asubiri.

Nadhani ni vizuri nieleze kazi inavyokwenda, maana msomaji wa kambini anaweza kutaka kujaribu, na msomaji wa shirika anaweza kutaka kujua pesa ya vifaa inaenda wapi.

Kwanza unahakikisha ni ngozi kweli. Nusu ya yanayoitwa majaketi ya ngozi sokoni ni reksini, plastiki iliyobandikwa juu ya kitambaa, na hiyo ikianza kubanduka mabegani hakuna rangi itakayoiokoa. Angalia ukingo ndani ya mfuko: ngozi ina nyuzinyuzi, reksini ina kitambaa. Pili, unadondosha tone la maji. Likizama na kuacha alama, rangi nayo itazama. Likikaa juu kama shanga, ujue kuna koti la plastiki jepesi ambalo kiwanda kilipaka kulinda rangi, na lazima litoke kwanza. Tunalitoa kwa spiriti, au kwa asitoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, kwa pamba, kidogo kidogo. Kazi hii ni ya nje, kwenye upepo, glavu mkononi, mbali na jiko la makaa. Mvuke wa asitoni unashika moto kabla hujauona. Hilo sirudii mara mbili. Kijana akisogeza jiko anaenda nyumbani siku hiyo.

Halafu rangi, kwa sponji, nyembamba. Hapa ndipo wengi wanaharakisha. Wanataka mkono mmoja mzito, na wanapata madoa kama ramani. Mikono mitatu hadi mitano myembamba, kila mmoja ukauke kivulini, si juani, kwa sababu jua linakausha mafuta ya ngozi na jaketi linasimama lenyewe kama mlango. Zipu unaifunika kwa karatasi ya gundi. Mishono unaipitia kwa brashi ndogo, kwa kuwa uzi mara nyingi si wa pamba na hautaki rangi. Ukibaki wa kahawia juu ya jaketi jeusi, kila mtu atajua. Ikikauka unasugua kwa kitambaa cheupe mpaka kitambaa kisitoke na rangi. Mwisho mafuta na nta.

Na rangi inakwenda upande mmoja tu. Kahawia inaweza kuwa nyeusi. Nyekundu inaweza kuwa rangi ya damu ya mzee, yaani kahawia iliyoiva. Nyeusi haiwezi kurudi kuwa kahawia kwa sponji na chupa. Kuna vijana walioniletea jaketi jeusi wakitaka jeupe kama la mwanamuziki fulani. Hiyo inakuwa rangi ya kupaka juu kama ukuta, inapasuka kwenye viwiko wiki ya pili.

Wapo pia wanaopaka kiwi ya viatu tu, wanaiyeyusha kidogo, wanang'arisha, wanauza asubuhi na kuhama sokoni mchana. Kiwi ni nta yenye rangi, inakaa juu. Mteja ananyeshewa na mvua, au anakumbatiwa kanisani na mtu wa shati jeupe, na ugomvi unaanza. Hao ndio wanaotuharibia jina.

Mimi kazi hii sikuijua kutoka kwenye simu. Nilionyeshwa na mzee mmoja fundi wa viatu Mbale, ambaye ana kibanda kwenye baraza ya duka la zamani la Wahindi, lile la nguzo na mwaka wa kujengwa umeandikwa juu. Nilipomwuliza alijifunza wapi, alicheka. "Mwanangu, nilifundishwa na dhiki. Ilikuwa 1975. Shule inataka viatu vyeusi, baba alipata vya kahawia. Basi."

Ili kuelewa jibu hilo lazima ukumbuke Tororo, mji ulio kusini ya Mbale. Tarehe 4 mwezi wa nane mwaka 1972, Idi Amin aliwatangazia askari wake hapo kwamba Waasia waondoke, na wakapewa siku 90. Jinja na Mbale ilikuwa miji ambayo maduka mengi yalikuwa yao. Maduka yaligawiwa, bidhaa zilizokuwa kwenye shelfu ziliisha, na zingine hazikuja. Ndiyo miaka ya magendo, sukari na sabuni na chumvi vinapita mpakani usiku. Mtu mwenye jozi moja ya viatu aliitunza kama mbuzi wa maziwa. Kikichakaa kinapigwa kiraka, kikipauka kinapewa rangi, na kama rangi iliyopo ni nyeusi basi kitakuwa cheusi. Mzee wangu anasema miaka hiyo alipaka mikoba, mishipi, hata kiti cha gari. Majaketi yalikuwa machache. Majaketi yalikuja na mivumba.

Na mivumba ikaja kweli, hasa kuanzia miaka ya 1980 na 1990 uchumi ulipofunguliwa. Marobota yanashushwa Mombasa, yanapita Malaba au Busia, yanafika Owino pale Kampala na kwenye masoko kama ya Mbale. Mbale ni mahali pazuri pa jaketi. Asubuhi baridi inashuka kutoka Wanale, na waendesha boda, ambao jina lao lenyewe lilizaliwa mpakani Busia, wanahitaji kitu kisichopitisha upepo. Nyeusi inawafaa kwa sababu haionyeshi grisi. Ndiyo maana jaketi la kahawia lililochujuka linakaa sokoni mwezi, na likiwa jeusi linaondoka jioni.

Kwetu Wakongo kuna sababu nyingine, ngoja niiseme haraka. Miaka ya 1970 Mobutu alikataza suti na tai, akaleta abakosti. Mtu aliyevaa vizuri kwa namna nyingine alikuwa anasema kitu bila kufungua mdomo. Papa Wemba, aliyeanzisha Viva la Musica mwaka 1977, akafanya mavazi kuwa karibu dini. Vijana wangu hawakuzaliwa wakati huo, lakini wanajua kwamba kutoka ukiwa umevaa rangi uliyoichagua wewe si sawa na kuvaa uliyopewa kwenye foleni. Wafanyakazi wa mashirika, naomba mlisome hilo mara mbili mkigawa nguo.

Sasa jambo linaloniumiza kichwa. Tarehe 25 mwezi wa nane mwaka 2023, Rais Museveni alikuja Mbale, kwenye eneo la viwanda la Wachina, kufungua viwanda vipya. Hapo alisema anapiga marufuku nguo za mitumba, kwamba ni nguo za Wazungu waliokufa na zinaua viwanda vya Afrika. Wiki hiyo sokoni watu waliongea hilo tu. Mwenye robota alikuwa anauliza amelinunua la nini. Kijana mmoja wa kikundi chetu, mama yake mgonjwa Nakivale, aliniuliza kama aache. Mwaka huo huo mgao wa chakula kambini ulikuwa unapunguzwa, kwa hiyo swali lake halikuwa la siasa.

Wazo lenyewe halikuanza siku hiyo. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana nguo na viatu na bidhaa za ngozi zilizotumika ziachwe taratibu ili viwanda vya ndani vipumue. Marekani ikatishia kuondoa nafasi za biashara za AGOA. Nchi nyingine zikalegea, Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo za Rwanda zikaondolewa kwenye nafasi hizo. Mivumba Mbale bado inauzwa, nilipita juzi.

Mimi siwacheki wanaotaka viwanda. Nimekaa Jinja, naiona buluu inavyoondoka. Kama ngozi ya Teso ingetiwa rangi Jinja na kushonwa Mbale, mimi ningekuwa wa kwanza kupeleka vijana wakafanye kazi huko, na sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba kijana anayetia rangi jaketi kwenye baraza ni adui wa kiwanda. Anafanya kile kile ambacho kiwanda cha Jinja hakijafanya vya kutosha: anamaliza ngozi. Anajua tofauti ya anilini na iliyofunikwa, anajua kwa nini misumari ya bibi haifanyi kazi, anajua mikono minne myembamba inashinda mmoja mzito. Kiwanda kikija kweli, hao ndio mafundi wake, hatahitaji kuwaleta kutoka mbali. Ukiua mivumba leo kabla kiwanda hakijaja, umeua darasa.

Kwa hiyo yule kijana nilimwambia aendelee, ila asinunue robota zima, anunue jaketi moja moja. Na nilimwambia ajifunze pia mshono, kwa sababu mshono hauna mivumba wala marufuku. Sasa anashona mikoba kutokana na majaketi yaliyochanika mgongoni, na mikoba yake inatoka rangi mbili, ile tuliyoitia na ile ya zamani iliyojificha chini ya mfuko.

Kuna mjadala mmoja bado haujaisha kikundini: tumwambie mteja kwamba jaketi limebadilishwa rangi au tunyamaze? Wengine wanasema hakuna kiwanda kinachokuambia kilianza na buluu. Mzee wa Mbale hana mjadala. Chini ya kola, pale inapokunjwa, huacha kipande cha upana wa vidole viwili bila kupaka. Mteja akija anaikunjua kola mwenyewe, anamwonyesha kahawia ya zamani, halafu ndipo anataja bei.